Daftari Kabla ya Sanduku: Uchaguzi wa Madiwani katika Manispaa Moja ya London



Msimu wa Mikutano Mikuu unapokaribia, maswali anayoulizwa mkaguzi wa ushirika ni yale yale: sanduku la kura litatoka wapi, nani atahesabu, na karatasi zichapwe ngapi. Ni nadra sana kuulizwa habari za daftari. Hata hivyo, katika miaka yote niliyofanya kazi hii, chaguzi nyingi nilizoziona zikiharibika hazikuharibikia sandukuni. Ziliharibikia kabatini mwa katibu, miezi mingi kabla ya siku ya kura.

Chama kimoja cha msingi, ambacho sitakitaja jina, kilimchagua mwenyekiti wake kwa tofauti ya kura nne. Kura zilihesabiwa mara mbili mbele ya wote, na hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Lakini nilipolinganisha orodha ya waliopiga kura na daftari la wanachama, nilikuta majina ya watu watano waliokwisha kuzikwa, na ya wengine waliouza mashamba yao na kuhama. Majina hayo hayakufutwa, na siku ya kura yalikuwa na alama ya dole gumba mbele yake. Upande ulioshindwa haukungoja maelezo ya mtu. Misimu miwili iliyofuata walipeleka mazao yao kwa walanguzi, na chama kikashindwa kurejesha mkopo wa pembejeo. Hivyo majina machache yasiyofutwa yaligharimu chama kizima.

Ili jambo hili lielezwe pasipo kumnyoshea kidole jirani, nimechagua mfano wa mbali. Ni historia ya uchaguzi wa madiwani katika Manispaa ya Tower Hamlets, iliyo mashariki ya jiji la London. Yaliyotokea huko kwa muda wa zaidi ya karne moja yameandikwa vizuri, na karibu kila ugonjwa unaoweza kuupata uchaguzi ulionekana hapo, pamoja na dawa zilizojaribiwa.

MAHALI PENYEWE

Mashariki ya London palikuwa pa bandari. Magati ya West India, yaliyofunguliwa mwaka 1802, pamoja na mengine yaliyofuata, yalipokea sukari, chai, kahawa, viungo na pembe za ndovu kutoka pande zote za dunia, na pembe za Afrika Mashariki zilikuwamo. Wakazi wengi walikuwa wachukuzi wa bandarini na mafundi wa nguo, watu wa kibarua cha siku hadi siku, waliopanga chumba kimoja au viwili.

Mwaka 1900 jiji la London, mbali na kile kitovu chake cha kale chenye serikali yake, liligawanywa katika manispaa 28. Tatu kati yake zilikuwa Poplar, Stepney na Bethnal Green. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika tarehe 1 Novemba 1900, na tangu hapo ulikusudiwa kufanyika kila baada ya miaka mitatu. Mwaka 1965 manispaa hizo tatu ziliunganishwa kuwa moja, ndiyo Tower Hamlets ya leo. Madiwani wake wa kwanza walikwisha kuchaguliwa mwezi Mei 1964.

NANI AANDIKWE DAFTARINI?

Swali la kwanza la uchaguzi wowote ni hili, na Waingereza walichukua muda mrefu kulijibu. Katika karne ya 19, mambo ya parokia yaliamuliwa katika mikutano ya walipa kodi ya majengo. Kwa sheria ya mwaka 1818, mtu mwenye mali nyingi aliweza kupewa hadi kura 6, ilhali jirani yake mwenye nyumba ndogo alikuwa na kura 1, na mpangaji asiyetozwa kodi hiyo hakuwa na kitu.

Hapa mwanaushirika yampasa kusimama kidogo. Mwaka 1844, wakati desturi hiyo ingali na nguvu, wafanyakazi 28 wa mji wa Rochdale walianzisha duka lao na kuweka kanuni kwamba kila mwanachama atakuwa na kura moja, awe na hisa nyingi au chache, awe mwanamume au mwanamke. Kanuni tunayoisoma kila mwaka katika masharti yetu, na ambayo baadhi yetu huiona ya kawaida, ilikuwa mbele ya sheria za nchi yao kwa miongo mingi.

Manispaa za mwaka 1900 zilianza kwa daftari jembamba. Aliyeandikwa ni yule aliyeshika nyumba na kutozwa kodi yake. Wapangaji wengi wa vyumba walibaki nje. Mke mwenye mume kwa kawaida hakuandikwa, na sheria ya mwaka 1899 iliyoanzisha manispaa hizo iliwakataza wanawake kuwa madiwani. Katazo hilo liliondolewa mwaka 1907. Mwaka 1918 daftari lilipanuliwa, na wake wa wenye nyumba waliotimiza miaka 30 wakaandikwa. Mwaka 1945 kila aliyekuwa na haki ya kumchagua mbunge alipata pia haki ya kumchagua diwani. Mwaka 1969 umri wa kupiga kura ulishushwa kutoka miaka 21 hadi 18, na kura ya ziada ya mtu mwenye duka au ofisi mahali asipoishi ikafutwa.

Tazameni basi: kutoka Rochdale hadi kura moja kwa mtu mmoja katika manispaa za London ilipita miaka 125.

MADIWANI WALIOKWENDA GEREZANI

Matokeo ya kupanua daftari yalionekana mara moja. Katika uchaguzi wa Novemba 1919, wa kwanza baada ya Vita Kuu, chama cha Labour kilipata viti 39 kati ya 42 huko Poplar. George Lansbury akawa Meya. Katika manispaa jirani ya Stepney aliyeshika umeya alikuwa Clement Attlee, ambaye mwaka 1945 alikuja kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza. Miongoni mwa madiwani wapya wa Poplar walikuwamo vibarua wa bandari, wafanyakazi wa reli na wanawake.

Mwaka 1921 ukosefu wa kazi ulikuwa mkubwa. Kila manispaa ilitakiwa kuwalisha maskini wake kwa kodi ya majengo yake yenyewe. Manispaa tajiri za magharibi zilikuwa na majengo ya thamani na maskini wachache, na Poplar ilikuwa na vibanda na maskini wengi. Juu ya hayo, Poplar ilipaswa kukusanya fedha kwa ajili ya Baraza la Mkoa wa London na vyombo vingine. Madiwani wakakataa kukusanya fedha hizo, wakisema kuwa mzigo haugawanywi kwa haki. Mahakama iliwaamuru watii, nao hawakutii. Septemba 1921 madiwani 30 walipelekwa gerezani, wanaume 25 Brixton na wanawake 5 Holloway. Walikaa humo wiki sita hivi. Vikao vya halmashauri viliendelea ndani ya gereza la Brixton, na madiwani wanawake waliletwa kutoka gereza lao ili wahudhurie. Hatimaye waliachiliwa, na Bunge likapitisha sheria ya kugawana gharama za maskini baina ya manispaa za London.

Sisemi kwamba viongozi wa vyama vyetu wavunje sheria. Mkaguzi hawezi kuandika hivyo. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba madiwani wale waliona kuwa wanawajibika kwa watu waliowachagua, na watu hao waliwajua. Walipokuwa wamefungwa, umati ulikusanyika nje ya kuta za gereza, na uchaguzi wa 1922 ulipofika, Labour ilibaki na wingi wake Poplar. Kiongozi aliyechaguliwa na wanachama wa kweli huwa na mgongo wa kuegemea siku ya shida. Aliyechaguliwa na majina ya marehemu hana wa kumtetea.

KURA SABA

Baada ya mwaka 1964 Labour ilishinda kila uchaguzi wa Tower Hamlets hadi ule wa 1982. Ushindi uliozoeleka namna hii huleta usingizi. Wakati huo huo wakazi walikuwa wakibadilika. Wahamiaji kutoka Bangladesh, wengi wao wa wilaya ya Sylhet, walikaa katika mitaa ya Spitalfields na Whitechapel wakifanya kazi za cherehani. Wao, kama raia wote wa Jumuiya ya Madola wanaoishi Uingereza kihalali, walikuwa na haki ya kuandikwa na kupiga kura. (Haki hiyo anayo pia Mtanzania, Mkenya au Mganda anayeishi huko kihalali.) Lakini wengi hawakujua, na waliojua waliogopa.

Tarehe 4 Mei 1978 ilikuwa siku ya uchaguzi wa madiwani. Jioni hiyo kijana mshona nguo aitwaye Altab Ali aliuawa mtaani Whitechapel na vijana wenye chuki ya rangi, alipokuwa akirudi kutoka kazini. Siku chache baadaye maelfu walifuata jeneza lake kwa maandamano hadi katikati ya London. Watu wengi wa jamii hiyo walihesabu siku ile kuwa mwanzo wa kushiriki kwao katika siasa za mtaa, na mwaka 1982 Wabengali wa kwanza waliingia katika Halmashauri. Bustani iliyo karibu na mahali alipouawa ina jina lake hata leo.

Mwaka 1986 Labour ilipoteza manispaa kwa muungano wa chama cha Liberal na washirika wake, kwa tofauti ya viti vichache tu. Kisha Septemba 1993 ukafanyika uchaguzi mdogo katika kata ya Millwall. Mgombea wa chama cha kibaguzi, Derek Beackon, alipata kura 1,480, na wa Labour kura 1,473. Kura 7 zilimpa mbaguzi kiti, na habari ikaenea dunia nzima.

Kilichofuata kina mafundisho makubwa zaidi. Watu wa makanisa, wa misikiti, wa vyama vya wafanyakazi na majirani wa kawaida walikwenda nyumba kwa nyumba wakiwahimiza wakazi wajiandikishe na wajitokeze. Mei 1994 Beackon alishindwa. Na tuelewe vizuri: kura zake hazikupungua, ziliongezeka. Alishindwa kwa sababu waliokuwa wamekaa nyumbani mwaka uliotangulia safari hii walitoka. Mwanachama anayesema, “Kura yangu moja itafaa nini?” na akumbuke zile kura saba za Millwall.

UCHAGUZI ULIOFUTWA

Kwa muda mrefu kiongozi wa Halmashauri alichaguliwa na madiwani wenyewe, kama meya anavyochaguliwa katika manispaa zetu. Mwaka 2010 wakazi walipiga kura ya maoni, wakaamua kwamba Meya achaguliwe moja kwa moja na wananchi wote. Oktoba mwaka huo Lutfur Rahman, aliyesimama bila chama baada ya Labour kumwondoa katika ugombea, alishinda. Mei 2014 alishinda tena, kwa zaidi kidogo ya kura 3,000 dhidi ya John Biggs wa Labour. Zoezi la kuhesabu kura lilichukua muda mrefu mno na kuleta manung’uniko mengi.

Katika sheria ya Uingereza, wapiga kura wanaweza kuupinga uchaguzi mahakamani, mradi wafungue shauri ndani ya siku 21. Wapiga kura wanne walifanya hivyo, huku wakijua kuwa wakishindwa gharama zingeweza kuwaangukia wenyewe. Shauri lilisikilizwa na mwanasheria mkuu wa kazi, Richard Mawrey, akiwa Kamishna wa Uchaguzi. Tarehe 23 Aprili 2015 aliufuta uchaguzi wa Meya.

Aliona kuwa yamethibitika mambo kadhaa: watu kupiga kura kwa majina ya wengine; kura za posta kuchezewa; taarifa za uongo katika uandikishaji; malipo yasiyo halali kwa wapiga kampeni; mgombea mwenzake kusingiziwa ubaguzi; fedha za ruzuku kutumika kama hongo; na ushawishi usiofaa wa kidini, uliotokana na barua ya masheikh 101 iliyochapishwa gazetini kabla ya kura. Si kila shtaka lililokubaliwa, maana lile la vitisho katika vituo vya kura halikufikia kiwango cha sheria. Rahman alikana makosa hayo yote, naye alizuiwa kugombea kwa miaka 5. Polisi walichunguza, na mwaka 2018 walitangaza kuwa hapakuwa na ushahidi wa kutosha wa kumfungulia mtu mashtaka ya jinai.

Juni 2015 uchaguzi ulirudiwa, na Biggs akashinda. Katika uchaguzi wa 2022 muda wa zuio ulikuwa umekwisha. Rahman alisimama tena kwa chama cha Aspire, akamshinda Biggs, na chama chake kikapata viti 24 kati ya 45. Wako walioona kwamba wananchi walitoa hukumu yao juu ya ile hukumu, na wako walioona vingine. Mkaguzi hana chama katika ugomvi huo. Lakini ni jambo la kuangaliwa kwamba mwaka 2015 upande ulionung’unika ulikuwa na mahali pa kupeleka manung’uniko yake, na mwaka 2022 upande uliozuiwa ulikuwa na njia ya kurudi, yaani kura. Wote walipita mlangoni, wala hakuna aliyevunja nyumba.

DAWA ZILIZOTUMIKA

Tangu mwaka 1872 kura za Uingereza hupigwa kwa siri. Kabla ya hapo mpiga kura alitaja jina la mtu wake hadharani, mbele ya mwajiri na mwenye nyumba. Lakini siri huvuja kwa njia nyingine. Mara kwa mara waangalizi waliona mtu akisimama kibandani na mke au mzazi wake na kumwelekeza. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria ya kukataza jambo hilo.

Uandikishaji nao ulirekebishwa. Zamani mkuu wa kaya ndiye aliyejaza fomu kwa niaba ya wote nyumbani, kwa hiyo alikuwa na uwezo wa kuongeza jina au kuliacha. Kuanzia mwaka 2014 kila mtu hujiandikisha mwenyewe na kuthibitishwa. Na tangu Mei 2023 mpiga kura wa Uingereza katika uchaguzi wa madiwani huonyesha kitambulisho chenye picha kituoni. Wapo wanaolalamika kwamba sharti hilo huwarudisha nyumbani maskini wasio na vitambulisho, na hoja yao si ya kupuuzwa. Daftari lina magonjwa mawili: kuingiza asiyestahili, na kumwacha nje anayestahili. Dawa ya ugonjwa mmoja ikizidi kipimo huzaa wa pili.

YANAYOTUHUSU SISI

Kwa hiyo, Ndugu Katibu, kabla ya kuuliza habari za sanduku, fungua daftari. Lipitie jina kwa jina pamoja na wajumbe wawili wasiogombea. Aliyefariki afutwe, na mrithi wake aelezwe taratibu za kujiunga. Aliyehama aandikwe kuwa amehama. Mke anayelima na kuuza mazao, lakini jina lililo daftarini ni la mumewe tu, aelezwe kuwa mlango wa uanachama uko wazi kwake pia.

Orodha ikiwa tayari, ibandikwe ukutani pa ghala mapema, ili kila mtu ajitafute na kuwatafuta wengine. Mwanachama mmoja atakuja akisema, “Katibu, jina langu halipo.” Mwingine atasema, “Huyu tulimzika mwaka juzi.” Msikasirike. Makosa haya ni nafuu yakionekana ukutani kabla ya mkutano. Yakionekana baada ya matokeo kutangazwa, huitwa wizi, hata kama yalikuwa uzembe.

Siku yenyewe, kila mtu aingie kibandani peke yake. Karatasi zilizochapwa, zilizotumika, zilizoharibika na zilizobaki zihesabiwe na kuandikwa katika muhtasari. Na kabla ya kufunga mkutano, mwenyekiti wa uchaguzi awaeleze wanachama kwa sauti: asiyeridhika apeleke malalamiko yake kwa nani, na kwa muda gani. Mtu anayejua mahali pa kulalamikia hahitaji kulalamikia sokoni, wala kumpelekea mlanguzi kahawa yake.

Chama nilichokitaja mwanzoni kilifanya uchaguzi mpya baada ya daftari lake kusafishwa. Mwenyekiti yule yule alishinda, safari hii kwa kura nyingi zaidi. Hakuwa mwizi, alikuwa na katibu mvivu. Lakini misimu miwili ya mazao ilikwisha kupotea, na hakuna kura iwezayo kuirudisha.